Namna ya Kufundisha Hesabu Hata Watoto Wakaelewa

KAZI YA MWALIMU WA GREDI YA 7, 8 NA 9

Mtu akiulizwa akumbuka nini juu ya masomo yake ya utotoni, aghalabu hutaja mambo mawili kwa pamoja: hesabu na fimbo. Wako watu wazima wengi, wenye akili timamu na kazi nzuri, ambao hata leo wakiona sehemu iliyoandikwa juu ya ubao hugeuza uso. Lakini watu hao hao hawadanganywi sokoni. Mama auzaye nyanya hutoa chenji bila kalamu, na kijana wa duka ajua faida yake ya siku kabla hajafunga mlango.

Jambo hili lilipimwa na wataalamu watatu huko Recife, katika nchi ya Brazil, nao wakatangaza matokeo yao mwaka 1985. Waliwauliza maswali watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa barabarani. Pale penye biashara yao, watoto hao walipata majibu sahihi karibu 98 katika kila 100. Hesabu zile zile zilipoandikwa karatasini bila kutaja bidhaa wala fedha, majibu sahihi yalishuka hadi 37 hivi katika kila 100. Watoto hawakubadilika, wala hesabu hazikubadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

Basi hapa ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Hatakiwi kutia akili katika kichwa kitupu. Yampasa kujenga daraja kati ya hesabu ambazo mtoto ajua tayari na zile zilizomo kitabuni.

KWA NINI MADARASA HAYA

Katika miaka ya 1950 mtoto wa Kiafrika wa Kenya alipomaliza darasa la nne alifanya mtihani, na waliofaulu wakaingia shule za kati, tangu darasa la tano hata la nane. Mwishoni walikutana na mtihani wa KAPE, na wengi walichujwa. Hesabu ilikuwa miongoni mwa nyavu zilizowazuia. Baadaye, tangu mwaka 1985 hata 2023, mtihani wa KCPE ulifanya kazi kama hiyo.

Siku hizi mpango ni mwingine. Mnamo Januari 2023 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 7, na mwishoni mwa mwaka 2025 wakafanya mtihani wao wa Gredi ya 9. Serikali nayo imeamua kwamba kila mwanafunzi wa sekondari ya juu ataendelea kujifunza hesabu: zile za kina kwa wale wafuatao njia ya sayansi, na zile za lazima kwa maisha kwa wengine wote. Kwa hiyo hakuna tena mtoto awezaye kusema, "Nitaziacha hesabu nikifika mbele." Akiharibikiwa katika Gredi ya 7, atabeba mzigo huo miaka mitano zaidi.

Tena ni katika madarasa haya ambapo hesabu hubadili sura. Mtoto aliyezoea kuhesabu vitu aviguse hukutana na herufi mahali pa namba, na namba zilizo chini ya sufuri, na sehemu zinazojumlishwa na kugawanywa. Asiposhikwa mkono hapo, ndipo asemapo, "Hesabu si zangu."

Wala walimu wenyewe hawana kazi nyepesi. Wengi wao walisomea masomo mawili lakini hujikuta wakifundisha zaidi ya hayo, na madarasa mengi yana watoto kuliko madawati. Kwa sababu hiyo njia zifuatazo zimechaguliwa kwa kuwa hazidai fedha nyingi. Zadai fikira, na subira.

KITU KWANZA, ALAMA BAADAYE

Kenya imejifunza somo hili kwa gharama. Katika miaka ya 1960 zililetwa hesabu zilizoitwa za kisasa, ambazo vitabu vyake vya kwanza vilitungwa Entebbe, Uganda, kwa msaada wa Wamarekani. Wanafunzi walifundishwa lugha ngumu ya makundi na alama kabla ya kuona faida yake, na wazazi hawakuweza kuwasaidia. Mwaka 1981 Serikali ikaamua ziachwe. Mwaka 1998 Kenya na Japani zikaanzisha mpango wa SMASSE katika wilaya 9, ambao ulihimiza walimu watumie vitendo na vifaa vya kujitengenezea, wapange somo, walifanye, walitazame, kisha walirekebishe. Kutokana na mpango huo kikatokea chuo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, ambako walimu wa hesabu na sayansi huongezewa maarifa.

Vifaa hivyo vya kujitengenezea ni kama nini? Mwalimu achukue kamba na kuipiga mafundo hata zipatikane nafasi 12 zilizo sawa. Watoto watatu waishike na kuivuta iwe pembetatu yenye pande za nafasi 3, 4 na 5. Pembe iliyo kati ya upande wa 3 na upande wa 4 itakuwa pembemraba kamili. Kisha awaulize ni nani aliyepata kumwona fundi wa nyumba akifanya hivyo anapopima msingi. Daima atapatikana mmoja. Hapo kanuni ya Pythagoras haiwi tena habari ya Myahudi wala Myunani wa kale. Ni kazi ya fundi wa kijijini, na mwalimu aonyesha tu kwamba 9 na 16 ni 25.

Ama juu ya duara, kila kikundi kilete kifuniko au sufuria. Wapime mzingo kwa uzi, wapime kipenyo kwa rula, kisha wagawanye. Sufuria yenye kipenyo cha sentimeta 28 itatoa mzingo wa karibu sentimeta 88. Kifuniko kidogo kitatoa namba nyingine, lakini kila mara jibu la kugawanya litakuwa 3 na kitu kidogo. Mtoto aliyeliona jibu hilo kwa sufuria ya mama yake hatalisahau upesi.

Tena siku ya jua kali, mwalimu awatoe nje. Fimbo ya mita 1 ikiwa na kivuli cha sentimeta 80, na mlingoti wa bendera ukiwa na kivuli cha mita 6.4, je, mlingoti una urefu gani? Nani aupande? Hapana haja. Mita 6.4 ikigawanywa kwa 0.8 ni 8. Watoto wamepima mita 8 bila kuinua mguu, na wamejifunza uwiano.

DENI LIKIFUTWA

Namba hasi huwasumbua wengi, na zaidi pale waambiwapo kwamba kutoa namba hasi ni sawa na kujumlisha. Mwalimu akisema tu, "Ndiyo kanuni," watoto wataikariri leo na kuichanganya kesho.

Lakini kila mtoto ajua deni. Mathalani, mtu ana shilingi 50 mfukoni, naye adaiwa shilingi 30 na mwenye duka. Mali yake halisi ni shilingi ngapi? Ni 20. Ikiwa mwenye duka, kwa huruma, amelifuta deni hilo, mali yake sasa ni 50. Kilichotolewa ni deni la 30, na mali imepanda kwa 30. Basi 20 ukiitoa hasi 30, utapata 50. Hakuna muujiza, ni daftari la duka.

KOSA LIULIZWE NJIA YAKE

Mtoto akiandika kwamba nusu na theluthi zikijumlishwa ni mbili ya tano, walimu wengi huweka mkwaju mwekundu na kupita. Lakini kosa hilo lina njia yake. Mtoto amejumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini, kama alivyozoea kujumlisha namba nzima. Hakukosa akili, ametumia kanuni njema mahali pasipo pake. Asipoonyeshwa, atarudia kosa hilo mpaka Gredi ya 9.

Dawa ni hii. Kila mtoto akate ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimeta 30. Nusu yake ni sentimeta 15. Theluthi yake ni sentimeta 10. Zikiunganishwa ni sentimeta 25. Mbili ya tano ya ukanda huo ni sentimeta 12 tu. Mwalimu aulize: "Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, tena ukabaki na pungufu ya nusu. Nani amekuibia?" Watoto watacheka, na kicheko hicho kitafanya kazi kuliko mkwaju mwekundu. Kisha watatafuta wenyewe kwamba sentimeta 25 katika 30 ni tano ya sita.

Vivyo hivyo mtoto asemapo kwamba 0.35 ni kubwa kuliko 0.4, sababu yake ni kwamba 35 yapita 4. Aandike bei: shilingi moja ina senti 100, basi 0.35 ni senti 35, na 0.4 ni senti 40. Atajisahihisha mwenyewe.

Swali bora la mwalimu wa hesabu ni fupi: "Umefikaje hapo?" Liulizwe kwa aliyekosa na kwa aliyepata pia. Likiulizwa kwa waliokosa tu, watoto watalijua kuwa ni adhabu.

MWALIMU NAYE ANYAMAZE

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa katika miaka ya 1960 na 1970 akaona kwamba mwalimu akiuliza swali hungoja yapata sekunde moja tu, kisha huchagua mwingine au hujibu mwenyewe. Walimu walipozoea kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na yenye fikira, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde 3 ni kitu kidogo, lakini kwa mwalimu aliyesimama mbele ya watoto 60 huonekana kama saa nzima. Yafaa azihesabu moyoni.

Tena mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima litaitikia, "Ndiyo!" Jibu hilo halina maana. Ni afadhali kila mtoto awe na kibao kidogo, kama kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeusi, na kipande cha chaki. Mwalimu aulize swali moja, watoto waandike, na kwa ishara moja wote wainue vibao. Kwa mtazamo mmoja ataona ni nani aliyefahamu na nani aliyepotea. Hivyo yule msichana wa nyuma asiyeinua mkono kamwe atajibu maswali sawasawa na mvulana wa mbele asiyeushusha. Wala jambo hili si dogo, kwa maana wasichana wengi waliodhaniwa hawawezi hesabu hawakuwahi kuulizwa.

HERUFI SI EMBE

Katika aljebra, kuna mwalimu afundishaye kwamba 3m maana yake ni maembe matatu. Njia hii ni rahisi kwa siku moja, na ni hasara kwa miaka. Herufi yasimama mahali pa namba, si mahali pa kitu. Ikiwa m ni bei ya embe moja, basi 3m ni bei ya maembe matatu, na hapo mtoto aweza kuendelea mbele salama.

Mizani ya duka yafundisha mengi. Upande mmoja pana vifurushi vitatu vilivyo sawa pamoja na jiwe la kilo 2. Upande wa pili pana kilo 8. Mizani imetulia. Ukiondoa kilo 2 huku, huna budi kuondoa kilo 2 kule. Vimebaki vifurushi vitatu na kilo 6. Basi kila kimoja ni kilo 2. Mtoto akiisha kulifanya kwa mikono, ndipo aandike kwa alama, mstari chini ya mstari.

MAHINDI NGAPI?

Mafumbo ya maneno huwatisha wengi, kwa kuwa watoto hukimbilia namba na kuzijumlisha bila kusoma. Mwaka 1945 mwanahesabu George Pólya alitoa kitabu chenye hatua nne: elewa swali, fanya mpango, tenda, kisha tazama nyuma. Hatua ya nne ndiyo isahauliwayo.

Kwa mfano, mkulima ana shamba la mita 30 kwa mita 15. Apanda mahindi, nafasi kati ya mistari ikiwa sentimeta 75, na kati ya shina na shina sentimeta 25. Mashina ni mangapi? Watoto wengine watagawanya: 15 kwa 0.75 ni 20, na 30 kwa 0.25 ni 120. Jumla mashina 2,400. Wengine watachora picha, nao watasema mistari ni 21 na kila mstari una mashina 121, yaani mashina 2,541. Nani mkweli?

Mwalimu mwenye busara hatoi jibu. Awaache wabishane. Mwishoni mmoja ataona kwamba wa pili wamepanda mpaka ukingoni pande zote, na wa kwanza wameacha nusu ya nafasi kila ukingo. Wote wamehesabu sawa. Shamba ndilo walilotofautiana. Ubishi wa namna hiyo wafaa kuliko kufanya hesabu 40 za aina moja.

LUGHA ISIWE UKUTA

Vitabu vya hesabu na mitihani katika madarasa haya ni vya Kiingereza, na mara nyingi kilichomshinda mtoto si hesabu bali ni sentensi. Akisoma kwa Kiingereza kwamba namba fulani imepungua 12 kwa 5, huenda akaona 5 imetangulia katika sentensi, naye akaandika 5 kutoa 12. Ni vema watoto wapewe nafasi ya kujadiliana wawili wawili kwa lugha waijuayo, kisha waandike jibu kwa lugha ya mtihani.

Tena Kiswahili kina faida yake. Asemaye "kumi na moja" na "kumi na mbili" amekwisha kutaja kumi na mamoja waziwazi, jambo ambalo Kiingereza chaficha katika namba hizo. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Mtoto aambiwaye kwamba kibaba ni robo ya pishi amejifunza sehemu kwa lugha ya babu zake.

DAKIKA 40

Kipindi cha hesabu ni dakika 40, nazo hupotea upesi. Dakika 5 za kwanza ziwe za maswali manne kutoka nyuma: mawili ya jana, moja la wiki iliyopita, na moja la mwezi uliopita. Kwa njia hiyo la zamani halifi. Dakika 10 zifuatazo ziwe za tatizo moja au kifaa kimoja, kabla ya kutaja kanuni yoyote. Dakika 10 mwalimu akusanye mawazo ya watoto ubaoni, akiacha njia mbili zionekane bega kwa bega, kisha afundishe kanuni wazi wazi, kwa maana si kila kitu mtoto aweza kukivumbua. Dakika 10 watoto wafanye kazi katika madaftari, naye apite akitazama. Dakika 5 za mwisho vibao viinuliwe kwa swali moja.

Na kazi ya nyumbani? Maswali 6 yaliyochaguliwa vizuri yapita 30 yaliyonakiliwa ovyo, na mwalimu ataweza kuyasahihisha.

FIMBO NA WAZAZI

Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 ikakazia jambo hilo. Lakini hata bila sheria, mwalimu wa hesabu angalipaswa kuiweka fimbo chini. Mtoto mwenye hofu hafikiri. Hukisia jibu litakalomponya. Naye akisiaye ili apone hajifunzi kitu, hata akipata.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mzazi asemaye mbele ya mtoto, "Hata mimi hesabu zilinishinda," adhani anamfariji, kumbe amempa ruhusa ya kushindwa. Ni afadhali amtume dukani na kumwuliza chenji itakuwa ngapi kabla hajaenda. Amwambie akadirie mifuko ya saruji, au ahesabu gharama ya kutuma fedha kwa simu. Mzazi asiyejua kusoma pia aweza kuuliza, "Umefikaje hapo?" na kusikiliza.

Mwalimu asijaribu njia hizi zote kwa siku moja, asije akachoka na kurudi kwa ya zamani. Achague moja, aifanye muhula mzima, aandike iliyofaa na isiyofaa, na amwite mwenzake aketi nyuma ya darasa atazame. Muhula wa pili aongeze nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Na vibaba vinne, kama watoto wake watakavyoweza kumweleza, ni pishi.